Kabla Haujatua

Juu ya friza mbovu ya Mama Nyanzobe,
Kirumba, mtaa wa nyuma ya Mwaloni,
ambako hata noti zinanuka dagaa,
tulijifunza sheria za uchawi.

Karata alizileta Mugeta kutoka Kampala,
boksi moja, limelowa pembe,
maneno ya kigeni tukayaandikia juu kwa kalamu ya bluu:
Radi. Fisi wa Usiku. Zindiko.
Kitabu cha masharti alikisoma Sayi peke yake,
Sayi wa kiwandani, mkunja maboksi ya minofu,
na alilosema Sayi lilikuwa limesemwa.

Alisema: uchawi ukitajwa haujafika bado.
Unaning'inia, kama maji ya ndoo
yaliyokwisha kumwagwa dirishani
na mpita njia hajalowa.
Hapo, na hapo tu, unaweza kuujibu.
Usijibu kabla mtu hajalipa gharama:
utakuwa umezindika dhidi ya mawazo yake.
Usijibu baada ya kutua:
aliyelowa hazuiliwi kulowa,
anatafutiwa kanga.

Na jibu nalo hujibiwa.
Mugeta anatupa Radi, naweka Zindiko juu yake,
anaweka Zinduo juu ya Zindiko langu,
rundo linapanda kama mabeseni ya wauza dagaa,
na mabeseni hushushwa kuanzia la juu.
Ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kutenda.
Radi, iliyoanza yote, inangoja chini kabisa,
haijui kama bado ni radi.

Tulibishana mpaka umeme ukakatika, ukarudi.
"Umeshatua!"
"Haujatua, hukuniuliza!"
Maana lazima uulize. Sayi aliipiga friza kofi kwa hilo.
Lazima umtazame mwenzako usoni
useme, "Una neno?"
naye aseme "Sina", au agonge kidole.
Asiposema, asipogonga,
ukihesabu mpaka tatu
kimya chake ni "sina".

Hiyo ya kimya sikuipenda.
Niliona ni sheria ya watu wenye haraka.

Nami nilikuwa bahili wa Zindiko.
Nilimwacha Fisi anile ng'ombe wanne
nikingoja uchawi mkubwa zaidi,
nikafungwa, mara nyingi,
nikiwa bado nimelishika mkononi,
safi, halijapinda.
"Utazikwa nalo," Mugeta alisema.

Mwezi wa nane, Ijumaa, karata zinagawiwa,
Sayi akasema bila kuinua macho:
"Kiwanda kinapunguza watu.
Shangazi kanipatia kazi Bukoba.
Meli ni keshokutwa usiku."
Kisha akainua macho.
Akauliza, naapa aliuliza:
"Una neno?"

Nje mtu alikuwa anaosha pikipiki.
Nilikuwa na neno.
Nililishika tangu masika.
Moja.
Nikafikiri, huenda si hili la kujibu,
huenda anatega, huenda lipo kubwa linakuja nyuma yake.
Mbili.
Mugeta akagonga kidole kwenye friza,
kwa zamu yake,
na mpaka leo sijui kama hakugonga kwa niaba yangu.

Jumapili honi ya meli ilifika mpaka Kirumba.
Mawe ya kilimani yakaijibu, mimi sikuijibu.
Bandarini sikwenda. Kilichotua kimetua,
nilijiambia, nikakata kitunguu,
nikala wali bila kuuonja.

Saa sita usiku nikamwandikia, neno moja tu,
la mtu asiye na la kusema:
Umefika?

Simu ikakaa kimya muda wa kuchemsha chai.
Halafu:
Bado. Tuko usawa wa Kome. Mtandao unakatikakatika.

Bado.

Nikaketi kitandani.
Nikaanza kuandika, kidole gumba hakitulii,
jicho moja kwenye vijiti vya mtandao:
vitatu,
viwili